Kupima madini kwa umeme: tuelewe kwanza, tuchimbe baadaye

(Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa Malinyi mbele ya viongozi wa vijiji, walimu, wakulima na wachimbaji wadogo.)



Nimeombwa nieleze jambo ambalo linatajwa sana katika bonde letu la Kilombero, nalo ni upimaji wa madini kwa njia ya umeme. Wako wanaosema kwamba mashine za upimaji huona dhahabu chini ya ardhi kama mtu aonavyo samaki katika maji maangavu. Wako pia wanaosema kwamba huo ni ulaghai mtupu, na kwamba nyaya zinazotandazwa mashambani ni kisingizio cha kuchukua ardhi ya wananchi. Kauli zote mbili si za kweli, na zote mbili zina hatari. Ile ya kwanza humfanya mkulima auze magunia yake ya mpunga ili amlipe tapeli mwenye kisanduku chenye taa. Hii ya pili humfanya aifukuze elimu ambayo ingemwepusha na tapeli huyo huyo.

Shabaha yangu leo ni moja. Nataka tukitoka hapa kila mmoja wetu aelewe kwamba umeme unaopitishwa ardhini hautaji jina la madini. Hueleza tabia ya mwamba tu. Kazi ya kulijua jina hufanywa na binadamu, kwa kulinganisha, kwa kuchoronga na kwa kupima sampuli katika maabara. Anayeifahamu tofauti hiyo hadanganyiki kwa urahisi.

ARDHI TULIYO NAYO

Ndugu wananchi, bonde letu limekaa kati ya safu za Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili. Chini ya mashamba yetu ya mpunga kuna mchanga na mfinyanzi ulioletwa na mito kwa muda mrefu mno. Tukipanda kuelekea milimani tunakuta miamba ya kale iliyopikwa na kukandamizwa na joto la dunia, na humo mna marumaru na miamba yenye kinywe.

Malinyi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Ulanga kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea, na huko Ulanga jirani zetu wameona mambo ya madini kwa macho yao. Rubi na spineli za Mahenge zinajulikana katika masoko ya vito duniani. Kinywe cha Mahenge nacho kimekuwa na thamani kubwa zaidi kwa sababu hutumika kutengeneza betri, zikiwemo zile za magari ya umeme. Mwaka 2021 Serikali iliingia mkataba ulioiwezesha kupata hisa 16 kwa mia katika kampuni ya Faru Graphite, iliyoundwa kwa ajili ya mradi wa kinywe wa Mahenge.

Natoa mfano wa Ulanga kwa sababu unafundisha jambo kubwa. Kinywe hupitisha umeme vizuri mno kuliko karibu miamba yote inayokizunguka. Rubi haipitishi. Kwa hiyo katika wilaya moja, kipimo kile kile cha umeme kinaweza kuonyesha tabaka la kinywe waziwazi, na kikapita juu ya rubi bila kuitambua kabisa. Mtu akikuambia kwamba mashine yake ya umeme imeona rubi ndani ya shamba lako, mjue kwamba hasemi kweli. Kwa bidii nyingi anaweza kuonyesha mpaka wa marumaru, au mahali ambapo mwamba umeoza na kuwa udongo. Rubi yenyewe hawezi kuiona kwa njia hiyo.

KIPIMO HUFANYWAJE

Elimu hii haina uganga ndani yake. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni inayounganisha mkondo wa umeme, msukumo wake na ukinzani wa kitu unamopita. Mwaka 1830 Mwingereza Robert Were Fox aligundua katika migodi ya shaba ya Cornwall kwamba mawe yenye madini huzalisha umeme kidogo yenyewe, bila kuchochewa na mtu. Mwaka 1912 Mfaransa Conrad Schlumberger alianza kupitisha umeme ardhini kwa makusudi na kuchora ramani ya jinsi ulivyosambaa. Baadaye yeye na ndugu yake Marcel walianzisha kampuni mwaka 1926, na mwaka 1927 vipimo vyao viliteremshwa katika kisima cha mafuta huko Pechelbronn, Ufaransa. Mwanzo wa yote ulikuwa betri, waya na vigingi vya chuma, vitu ambavyo hata hapa Malinyi havikosekani.

Wapimaji hupigilia ardhini vigingi vinne katika mstari mmoja. Vigingi viwili vya nje hupitisha mkondo wa umeme. Viwili vya ndani hupima tofauti ya volti inayotokea kati yake. Mwamba unaopitisha umeme kwa urahisi hutoa volti ndogo, na mwamba mkaidi hutoa volti kubwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Vigingi vimeachana mita 10 kila kimoja na mwenzake. Mkondo uliopita ni ampea 0.1, na volti iliyosomwa ni 0.2. Tukigawa volti kwa ampea tunapata omu 2. Tukizidisha kwa mara mbili ya pai, kisha kwa mita 10, tunapata takriban 126. Hicho ndicho kipimo cha ukinzani wa ardhi ya mahali hapo, kwa kizio kiitwacho omu-mita. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya hesabu hiyo.

Maji ya bahari huwa na ukinzani wa karibu omu-mita 0.2. Mfinyanzi uliolowa huwa kati ya 1 na 100. Mwamba mgumu usio na nyufa hufika maelfu mengi. Kinywe kilichoungana katika tabaka huweza kushuka hata chini ya omu-mita 1.

Ili kupima chini zaidi, vigingi hutanuliwa. Kwa mpangilio huo wa nafasi sawa, kina kinachopimwa ni takriban nusu ya nafasi iliyopo kati ya kigingi na kigingi. Mstari wa mita 300 wenye vigingi vinne hutupa habari za karibu mita 50 kwenda chini. Ndiyo sababu wapimaji wa kweli huhitaji nyaya ndefu, watu wa kuzibeba na siku kadhaa za kazi. Anayekuja na kifaa cha mkononi na kudai ameona dhahabu mita 80 chini ya miguu yake anastahili kuulizwa maswali. Kile kifaa cha kusaka vyuma ambacho wachimbaji hukitumia ni cha kweli, lakini huishia karibu na uso wa ardhi, kwenye vipande vilivyolala juu juu.

Siku hizi vigingi hufungwa kwa makumi katika waya mmoja, na kompyuta huchagua vinne vinne kwa zamu mpaka imekusanya mamia ya vipimo. Kisha hubuni umbo la ardhi, hukokotoa vipimo ambavyo umbo hilo lingetoa, huvilinganisha na vile vilivyopimwa shambani, na kurekebisha tena na tena mpaka vikaribiane. Mwisho hutoka picha yenye rangi. Mara nyingi buluu ni mahali umeme unapopita kwa urahisi, na nyekundu ni mahali unapokataa, ingawa mchoraji anaweza kuzigeuza apendavyo. Rangi nyekundu katika picha ile haina maana ya rubi, wala njano haina maana ya dhahabu. Nimelisema hili wazi kwa sababu wapo wanaouza picha hizo kwa tafsiri hiyo.

NJIA NYINGINE MBILI

Mbali na kupima ukinzani, kuna njia ya kupima chaji inayosalia. Umeme hupitishwa ardhini, kisha hukatwa ghafla. Katika mwamba wa kawaida volti hutoweka mara moja. Lakini mwamba wenye chembechembe za salfaidi, kama vile pairiti, huwa kama betri ndogo nyingi zilizochajiwa: volti hupungua polepole kwa muda mfupi baada ya mkondo kukatwa. Njia hii ina maana kubwa katika utafutaji wa dhahabu. Dhahabu yenyewe huwa gramu chache tu katika tani nzima ya mwamba, na kiasi hicho hakiwezi kubadili mwenendo wa umeme. Kinachopimwa ni pairiti inayofuatana nayo mahali pengi. Lakini pairiti iko mahali pengi pia pasipo na dhahabu.

Ipo pia njia ya sumaku-umeme, ambayo haihitaji vigingi. Mzingo wa waya uliobebwa na watu au kuning'inizwa chini ya helikopta hutuma mawimbi, na vitu vinavyopitisha umeme chini ya ardhi hujibu. Njia hii ndiyo hutumika kusaka mawe ya salfaidi yaliyoungana, mfano wa yale yenye nikeli huko Kabanga, wilayani Ngara.

Tusichanganye njia hizi na upimaji mwingine wa ndege. Kati ya 1977 na 1980 Serikali ilifanya upimaji wa anga wa nchi nzima, lakini ndege zile zilipima usumaku na mionzi ya miamba. Vipimo hivyo vimelisaidia Taifa kwa zaidi ya miaka arobaini, lakini vilikuwa vya mistari iliyoachana sana. Katika dira iliyotangazwa mwaka 2023, Wizara ya Madini ilieleza kwamba upimaji wa anga wa kina ulikuwa umefikia asilimia 16 tu ya nchi, na ikaweka lengo la kufikia asilimia 50 ifikapo 2030. Lengo hilo ni jema. Lakini ramani zikikamilika, nani huko vijijini ataweza kuzisoma? Tusipojibu swali hilo sasa, ramani zitasomwa na wengine, na sisi tutauziwa tafsiri.

MIPAKA YA KIPIMO

Ndugu wananchi, mvuvi wa mto Kilombero huona maji yakicheza, akajua kwamba kuna kitu chini. Huenda ni kambale, huenda ni gogo, huenda ni mamba. Hatangazi bei ya kitoweo kabla ya kutupa wavu. Ndivyo apaswavyo kuwa mpimaji wa umeme.

Mfinyanzi uliolowa, maji ya chumvi, kinywe, salfaidi na hata bomba la chuma lililozikwa, vyote hupitisha umeme vizuri. Katika miamba kama ya milima yetu, wasakaji wa shaba au nikeli wanaweza kuchoronga mahali palipong'ara katika vipimo, wakakuta tabaka la kinywe chembamba lisilo na faida. Aidha, tabaka nene linalopitisha umeme kwa kiasi, na tabaka jembamba linalopitisha umeme sana, huweza kutoa vipimo vinavyofanana kabisa juu ya ardhi. Kompyuta haiwezi kuamua kati ya hayo mawili. Itachora moja tu, na kwa rangi nzuri.

Bonde letu lina ugumu wake pia. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi ukishiba maji ya masika huuvuta mkondo wote ukapita juu juu, na kidogo tu hufika chini. Wakati wa kiangazi, udongo mkavu wa mwinukoni hukataa mkondo kuingia, na wapimaji hulazimika kumwagia vigingi maji ya chumvi. Ng'ambo ya mto, kuanzia upande wa Ifakara hadi Mlimba, reli ya TAZARA ni chuma kirefu ambacho huharibu vipimo vinavyofanywa karibu nayo. Nyaya za umeme, nyua za chuma na mabomba hufanya vivyo hivyo. Ripoti isiyotaja mambo haya hata mara moja ni ripoti ya kutiliwa shaka.

Kwa hiyo baada ya kupima hufuata kuchoronga, na baada ya kuchoronga hufuata maabara. Kipimo cha umeme hupunguza idadi ya mashimo ya kubahatisha. Hiyo ni faida kubwa mno kwa mchimbaji mdogo, kwa sababu kila duara analolichimba bure limekula jasho lake, chakula cha watoto wake, na wakati mwingine uhai wa wenzake. Wako ndugu zetu ambao huchagua mahali pa duara kwa ramli, kisha humshukuru mganga likitoa na kujilaumu wenyewe lisipotoa. Tusiache ramli ya tunguri tukahamia ramli ya kompyuta.

MAJI NAYO NI HAZINA

Nisingependa tuondoke tukidhani kwamba elimu hii ni ya madini tu. Upimaji huu wa ukinzani ndio unaotumika mahali pengi nchini mwetu kuchagua mahali pa kuchimba visima virefu. Mchanga wenye maji baridi, mfinyanzi usiotoa maji, na mwamba wenye nyufa, kila kimoja kina tabia yake. Kijiji kinachochimba kisima bila kupima huweza kutumia fedha zote za mradi kupata shimo kavu. Tunaishi katika bonde lililojaa mito, na bado katika vijiji vyetu wako akina mama wanaochota maji yasiyo salama. Kama kuna mahali ambapo umeme ardhini unaweza kutuletea faida mapema, bila kungoja soko la dunia, ni hapo.

WAJIBU WETU

Madini ya nchi hii ni mali ya wananchi wote, chini ya udhamini wa Rais. Lakini leseni ya utafiti haimfanyi mwenye leseni kuwa mwenye shamba. Haki ya mkulima juu ya ardhi anayoilima, nyumba yake na mazao yake inabaki, na sheria inataka aelezwe, aafikiwe, na alipwe fidia panapostahili. Kwa hiyo, wapimaji wakifika kijijini, viongozi wasiwafukuze wala wasiwapokee kwa vigelegele. Wawaulize maswali yafuatayo.

La kwanza, leseni yako iko wapi, na mipaka yake ni ipi? Tume ya Madini inaweza kuthibitisha. La pili, unapima nini: ukinzani, chaji inayosalia, au sumaku-umeme, na kwa nini njia hiyo inafaa kwa madini unayoyasaka? Anayesema anasaka rubi kwa umeme ajieleze vizuri. La tatu, utafika kina gani, na mstari wako una urefu gani? La nne, nani atathibitisha kwa kuchoronga? La tano, matokeo yatahifadhiwa wapi? Taarifa za utafiti zapasa kufika katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini huko Dodoma, mji ambao umekuwa makao ya kazi ya jiolojia tangu 1925, ili Taifa lisilipie mara mbili elimu ambayo tayari limeipata. La sita, usalama ukoje? Vigingi vinaweza kubeba mamia ya volti wakati wa kipimo. Watoto na ng'ombe wasikaribie.

Kwa upande wa Serikali, naomba mambo mawili. Wachimbaji wadogo wenye leseni wajiunge katika vikundi, na taasisi za umma, yaani Taasisi ya Jiolojia pamoja na STAMICO, ziwafikie kwa vipimo na mitambo ya kuchoronga kwa gharama wanayoimudu. Mchimbaji mmoja mmoja hawezi kulipia siku kumi za upimaji. Watu thelathini kwa pamoja huenda wakaweza. Pili, ripoti inayohusu ardhi ya kijiji ielezwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Kwa walimu wetu wa fizikia nina ombi la pekee. Chukueni sanduku la udongo, misumari minne, betri na mita ya umeme. Pangeni misumari kwa nafasi ya sentimita 10. Pimeni, kisha geuzeni betri na mpime tena, mchukue wastani, kwa sababu mkondo wa upande mmoja hupotosha usomaji. Fukieni bamba la chuma ndani ya udongo, bila wanafunzi kujua liko wapi, waambieni walitafute kwa hesabu. Halafu fukieni donge la mfinyanzi uliolowa maji ya chumvi, waone jinsi linavyoweza kufanana na chuma. Mtoto aliyefanya jaribio hilo mara moja hataweza tena kuuziwa picha ya rangi akaambiwa ni dhahabu.

Azimio la Arusha la 1967 lilitaja watu na ardhi miongoni mwa mambo tunayoyahitaji ili tuendelee, wala halikusema kwamba ardhi peke yake inatosha. Ardhi ya Malinyi imekuwapo kabla yetu na itakuwapo baada yetu, na kilichomo ndani yake hakiozi kama nyanya sokoni. Hatuna sababu ya kukiuza kwa haraka kwa sababu ya uvumi, wala ya kuacha kukitafuta kwa sababu ya hofu. Tupime, tuulize, tuchoronge, tuthibitishe. Ndipo tuamue kwa pamoja kama shamba libaki la mpunga au liwe mgodi, na kwa masharti gani.